Mjumbe Aliyekaribishwa Vizuri Mno

Nyinyi mnaoanza kazi sasa kwenye ofisi za elimu mnanichekesha. Baraza likifungua vikao vyake mnalalamika kwamba simu hazipumziki, kila mkubwa anataka majibu kabla ya adhuhuri, na hamjui kwa nini mjumbe wa wilaya ambaye hajakanyaga darasani tangu utotoni aanze ghafla kuulizia vyoo vya shule. Juzi mmoja wenu alikuja kwangu, akajitupa kwenye kochi, akasema, "Bi Thuwaiba, haya mambo ya Baraza yanatuhusu nini sie watu wa shule?" Nikamtilia kahawa kwanza, maana alikuwa na hasira, kisha nikamsimulia haya ninayowaandikia.

Nilifanya kazi kwenye ofisi ya elimu hapa Maskati tangu usichana wangu mpaka nilipostaafu. Kazi yangu ilikuwa majengo na zamu: nani anasoma asubuhi, nani anasoma mchana, darasa lipi halina pa kukaa, basi lipi linachukua watoto wa wapi. Kama wengi wetu hapa nilizaliwa Bara, Tabora, nikaja huku kwenye asili ya wazee wangu nikiwa msichana mkubwa, na Kiarabu changu cha mwanzo kilikuwa cha kuombea dua tu. Lakini nilijua hesabu na sikuona haya kuuliza, na kwa kazi ile hayo mawili yalinifikisha mbali.

Niwaeleze kwanza hilo Baraza, mkutano wa wajumbe wa wilaya zote za nchi, lilivyokuwa likitufikia. Katika miaka ya tisini lilikuwa bado changa. Wajumbe hawakuwa na uwezo wa kuamrisha shule ijengwe. Waliuliza, walishauri, na waziri aliitwa kusimama mbele yao aeleze kazi yake, siku mbili tatu mfululizo. Mazungumzo hayo yalionyeshwa kwenye televisheni, na hapo ndipo penye utamu wake. Swali likishaulizwa mbele ya nchi nzima, mtu hawezi kulitia kwenye mtoto wa meza akalifungia. Lilishuka kwa wakubwa, likaja mpaka mezani kwangu, na mimi nikalishusha mpaka kwa mudira, yaani mwalimu mkuu, aliyekuwa akidhani siku yake itakuwa ya kawaida.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Bwana Said, mkuu wa sehemu yetu, mzaliwa wa Bukoba, mpole wa sauti na mkali wa macho. Vikao vikikaribia alikuwa haendi nyumbani kula, anatafuna tende mezani na kunitaka nami nikae chonjo. Mwaka wangu wa mwanzo uliulizwa mjumbe mmoja swali la shule yake ya mlimani, kama ina maji. Samahani, mjumbe ndiye aliyeuliza. Nikikumbuka siku ile hata leo maneno yananipinduka. Mimi nikaandika kurasa nzima: kisima kilichimbwa lini, mlima una mawe gani, wazazi wanashukuru namna gani. Bwana Said akazisoma zote bila ya kucheka, akavua miwani.

"Binti, maji yapo au hayapo?"

"Yapo siku ya gari la maji."

"Basi andika hivyo, kisha uandike gari linakuja siku zipi na linatakiwa lije siku zipi. Mtu kauliza maji, weye unampa milima."

Nililia chooni siku ile. Lakini tangu hapo nikajua kwamba swali la Baraza ni mlango unaofunguka kwa muda mfupi, na mtu wa ofisi anayefika na mzigo wa maneno anakwama kizingitini. Pia alinifundisha jambo la pili, na hili mlishike: pendekezo liwe tayari kabla swali halijaulizwa. Wakubwa wakiambiwa na Baraza wafanye kitu, wanatafuta kitu kilichokwisha fikiriwa. Ukianza kufikiria siku hiyo, mwenzio wa mkoa mwingine ameshapeleka lake.

Sasa nakuja kwenye kisa chenyewe. Siku hizi mnasikia tu hadithi za zamu mbili. Sisi tuliishi nazo. Jengo lilikuwa moja na shule mbili ndani yake, ya asubuhi na ya mchana, kila moja na mudira wake na kabati lake la chaki lililofungwa kwa kufuli. Huku mtaa wa Wattaya palikuwa na shule ya wasichana ambayo mudira wa asubuhi na mudira wa mchana walikuwa hawasemezani kwa sababu ya fagio. Wa asubuhi alisema wa mchana analimaliza, wa mchana akasema analikuta limekwisha. Fagio likawa linaandikwa kwenye barua za serikali. Mimi nilikuwa mjumbe baina yao na nakuambieni, nilijifunza siasa pale kabla ya kuiona kwenye televisheni.

Mudira wa mchana aliitwa Bi Rayya. Alikulia Mwanza, mnene, mcheshi, mkarimu kupita kiasi. Hukuweza kupita mlangoni kwake bila ya kula. Katika shule yake walikuwamo wasichana wakubwa wa Bustan, mtaa wa ng'ambo ya mlima, waliokuja kwa basi kwa barabara ya mlimani. Wakati wa baridi jua linawahi kuzama, na basi lilikuwa likiwafikisha kwao maghrib imeshaadhiniwa. Wazazi wao hawakupenda hata kidogo.

Siku moja alikuja ofisini Bi Asya, mama wa mmoja wa wasichana hao. Binti yake aliitwa Zahra, amebakiza mwaka mmoja amalize sekondari, na alikuwa anasoma vizuri sana. Bi Asya hakutaka kukaa.

"Bi Thuwaiba, baba yake Zahra kaapa. Mwaka huu ukisha na zamu ikawa hii hii ya mchana, Zahra hatoki tena. Anasema binti yake hawezi kuwa njiani na giza linaingia."

"Na wenzake?"

"Wanatoka mtaa mmoja, wanapanda basi moja. Akitolewa Zahra, baba zao nao watasema, mbona fulani kamtoa wake? Wote watakaa nyumbani. Na Zahra hajui bado. Usiku anasoma tu, mie namtazama, nashindwa kumwambia."

Nilimwahidi kwamba nitajaribu, na moyo wangu ulikuwa mzito, maana mimi mwenyewe niliwahi kutolewa shule Tabora kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Nilijua inavyouma mtu kuona wenzake wanapita na mabuku. Niliandika pendekezo: darasa la wasichana wakubwa wa Bustan lihamie asubuhi, na kwa kuwa asubuhi vyumba vimejaa, vijengwe vyumba viwili vya mbao pale uwanjani. Kule Ghala, mtaa wa viwanda, kulikuwa na karakana zilizotengeneza vyumba kama hivyo, vya kuletwa kwa lori na kupachikwa. Bwana Said akalitazama, akasema, "Zuri. Sasa tunangoja nani aulize."

Hatukungoja sana. Waziri alikuwa akitarajiwa mbele ya Baraza, na Bwana Khalfan, mjumbe wa wilaya yetu, akataka kuzitembelea shule kwanza ajionee. Alikuwa mfanyabiashara wa magari, mtu mwema, na Kiswahili chake kilikuwa cha Bara kama changu. Nilipoona shule ya Bi Rayya imo kwenye ziara yake nilikaribia kuruka. Nikampigia Bi Rayya simu, nikamwambia, "Shoga, mjumbe anakuja. Mwonyeshe kila kitu."

"Niachie mie," akasema. "Hatasahau."

Na kweli hakusahau. Tulipofika na mjumbe, lango lilikuwa limepakwa rangi. Korido zinanukia ubani. Nikachungulia madarasani: kila msichana ana kiti chake na meza yake, mahali ambapo kwa kawaida walikaa watatu kwenye kiti cha wawili. Vyumba viwili vilikuwa vitupu kabisa, kimoja kimepangwa mabuku na kubandikwa karatasi mlangoni kwamba ni maktaba. Nilimvuta Bi Rayya pembeni ya kabati la chaki.

"Watoto wengine wako wapi?"

"Nimewapeleka bustanini kwa basi na waalimu wao. Wanakula biskuti."

"Na hivi viti?"

"Vya asubuhi, wanavifungia stoo. Nilikwenda mwenyewe kumwomba yule mwenzangu. Na mabuku kanipa. Tumeshapatana, alhamdulillahi."

Nilimtazama nisijue nicheke au nilie. Waliokuwa hawasemezani kwa ajili ya fagio walipatana siku ile, kwa ajili ya kumficha mjumbe shida zao.

"Rayya, mtu kaja kutafuta shida."

"Weye huna adabu," akanijibu, na hakuwa anatania. "Mgeni aje kwangu mara ya kwanza, nimkalishe kwenye uchafu? Watu watasema nini?"

Mnajua desturi yetu hapa. Watu wawili wakikutana, mmoja huuliza khabari, na mwengine hujibu kwamba hakuna ila kheri, hata kama nyumba imeungua jana. Kwanza heshima, shida baadaye, na mara nyingi hiyo baadaye haiji. Bwana Khalfan alikalishwa, akaletewa halua, akatiliwa kahawa. Akauliza, "Ehe, Mudira, mna shida gani hapa?" Bi Rayya akasema hatuna shida. Akauliza tena kuhusu nafasi. Bi Rayya akasema nafasi ipo. Mimi nikafungua mdomo, Bi Rayya akanisogezea sahani ya tende mpaka ikanigusa kidevuni. Nyumba ilikuwa yake na mgeni wake, nami sikuweza kumwumbua mwenye nyumba mbele ya mgeni. Mjumbe alitikisa kikombe, kuonyesha ametosheka, akaondoka anatabasamu.

Siku ya kikao tulijazana mbele ya televisheni ya ofisi. Waziri alieleza, wajumbe wakauliza. Bwana Khalfan akasimama na kanzu yake iliyopigwa pasi vizuri. Akashukuru. Kisha akasema kwa Kiarabu cha kunyooka kwamba katika wilaya yake zipo shule zilizofurika, lakini ameitembelea moja ya wasichana, zamu ya mchana, ameikuta ina vyumba vitupu, na anaiomba wizara ihamishie hapo madarasa mawili kutoka shule iliyojaa.

Bwana Said akaweka kikombe chake chini polepole. Simu ikalia, nikajua ni nani.

"Thuwaiba," Bi Rayya alikuwa analia. "Kasema waniletee wengine. Ntawaweka wapi? Juu ya bati?"

Nilikuwa na ghadhabu naye, siwafichi. Lakini kumsikia mtu mcheshi namna ile analia kulinimaliza. Nikamfikiria na Zahra. Zamu ya mchana ikiongezewa watoto, mabasi yatazidi kuchelewa, na baba yake hatangoja hata mwaka uishe. Nikamwuliza Bwana Said tufanye nini. Waziri alikuwa na siku moja zaidi mbele ya Baraza, kesho yake tu.

"Ofisi haiwezi kumsuta mjumbe," akasema. Akatafuna tende yake mpaka ikaisha. "Lakini mama yake anaweza."

Mama yake Bwana Khalfan alikuwa Bi Shinuna, bibi mtu mzima aliyekaa Wattaya hapo hapo, nyumba yake haikosi wanawake wa kunywa kahawa. Wanaume wenye haja na mjumbe walikwenda kwenye baraza lake la nyumbani, sisi wanawake tulikwenda kwa mama yake, na nyinyi mabinti msije mkadhani mlango huu ulikuwa mdogo. Nilimpitia Bi Asya, na Bi Rayya akamwachia naibu wake shule. Njiani nilimwambia neno moja tu: "Leo ukiulizwa khabari, utasema weye. Mie sitasema kwa niaba yako."

Tulipokelewa vizuri. Binti wa Tanga aliyefanya kazi pale alileta birika na vikombe. Bi Shinuna akatutazama mmoja mmoja, akauliza kama inavyoulizwa siku zote.

"Khabari zenu, wanangu? Khabari za shule?"

Bi Rayya alikuwa ameshika kikombe. Akakiweka chini.

"Si njema, mama," akasema.

Yule binti wa Tanga alisita na birika mkononi. Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kulijibu swali lile namna ile katika chumba kile, isipokuwa kwa msiba. Bi Shinuna akauliza, "Kafa nani?"

"Hajafa mtu, mama. Nilimdanganya mwanao." Akaeleza yote, bustani, biskuti, viti vya kuazima, na uso wake ulikuwa umeiva kwa haya. Alipomaliza, Bi Asya akaeleza habari ya Zahra, kwa maneno machache, akitazama mkeka. Bi Shinuna akanyanyua simu, akamwita mwanawe.

Bwana Khalfan alifika na uchovu wa kikao usoni. Alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, sisi tumejitanda vizuri. Kisha akamgeukia Bi Rayya.

"Mudira, mlinipa halua, mkanifukiza ubani, mkanificha watoto. Mmenisemesha uongo mbele ya nchi nzima."

"Kweli, Bwana Khalfan. Nisamehe."

"Watu watanicheka."

"Watakucheka," akasema mama yake. "Basi nenda kawatazame watoto, kisha ucheke na weye."

Alikwenda vile vile alivyo, bila ya kumwarifu mtu. Nilimfuata kwa gari ya ofisi mpaka shuleni. Alisimama langoni, akawaona wasichana wanavyotoka, wengi kuliko alivyoonyeshwa, wengine wamebeba viti vya zamu ya asubuhi kuvirudisha stoo. Akalifuata basi la Bustan kwa gari lake, kupanda mlima na kuteremka, akawaona, kama alivyonieleza mwenyewe, wanashuka na taa za nyumba zimeshawashwa. Aliporudi alinikuta bado nipo langoni. Akaniuliza swali moja: "Bibi, ofisi yenu inataka nini hasa?" Nikamwambia pendekezo letu kwa pumzi moja, vyumba viwili vya mbao na wasichana wa Bustan asubuhi. Nilimshukuru Bwana Said moyoni, maana sikumpa milima.

Kesho yake akasimama tena kwenye televisheni. Akasema jana aliomba shule ile iongezewe wanafunzi, na leo anayarudisha maneno yake. "Nilikaribishwa vizuri mno," akasema, na ukumbi mzima ukaangua kicheko, kwa sababu kila mjumbe pale alikuwa na shule ya namna hiyo kwenye wilaya yake. Kisha akalisema pendekezo letu. Waziri akajibu kwamba litaangaliwa.

Sasa nyinyi mtasema, litaangaliwa ni neno la kulaza watu. Huwa hivyo mara nyingi, sitawadanganya. Lakini safari ile wajumbe wengine walisimama mmoja mmoja kueleza walivyokaribishwa na wao, na simu kutoka juu zikaanza kulia kabla ya televisheni kuzimwa. Tulikuwa na karatasi yetu tayari. Vyumba vilitoka Ghala kwa lori, vikapachikwa uwanjani. Mudira wa asubuhi alipoteza uwanja wake wa mpira wa wavu, akanung'unika, na mimi nikampelekea fagio jipya kwa mkono wangu. Hakulipenda lakini alilichukua.

Msidhani kila kitu kilinyooka. Wadogo walibaki mchana miaka mingi baadaye, mpaka shule mpya zilipojengwa na zamu ya mchana ikawa inakufa moja moja, kwenye miaka ya elfu mbili, faksi zetu zikawa zimetupwa na kompyuta zimeletwa. Bi Rayya naye alibadilika. Mgeni yeyote wa serikali alianza kuonyeshwa vyoo, ndipo akatiliwa kahawa. Lakini siku ambayo naikumbuka kuliko zote ni ile ya mwanzo ya zamu mpya.

Nilikwenda Bustan asubuhi mwenyewe, sikutumwa. Nilitaka kujua kama watapanda. Wasichana walikuwa wamesimama kando ya barabara, na Zahra alikuwa miongoni mwao, sare imenyooshwa, anajifanya hanijui. Pembeni yake alikuwa baba yake, yule aliyeapa. Nilimsalimu, akaitikia bila ya kunitazama. Nikajua kuwa bado hajakata shauri. Basi likaja, mlango ukafunguka, wenzake wakapanda. Zahra akasimama kumngoja baba yake. Yule bwana akamwendea dereva dirishani.

"Mnarudi saa ngapi?"

"Kabla ya alasiri, ami. Jua la mchana kabisa."

Akafikiri. Akalitazama jua lilikokuwa, akageuka nyuma kumtazama Bi Asya aliyesimama mlangoni kwake.

"Asya," akamwita, "mwekee mwanao chakula cha mchana. Atarudi na njaa."